Tela Lenye Pazia

Swali mlilokuja nalo uani kwangu Jumapili ile, vijana, lilikuwa dogo tu: tela la baiskeli lifungwe kwenye nguzo ya kiti au kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma? Mnataka kutoka hapa Makandana mpande mpaka Kitulo, kisha mshukie upande wa Makete kwa njia za ng'ombe, mkivuta mahema, jiko la gesi na kamera. Mmeniambia ni safari ya kujifurahisha. Sina ubishi. Nilizipita njia hizo miaka mingi nikivuta viazi, na hakuna aliyewahi kunitonya kwamba zinafurahisha.

Jibu ni ekseli. Mngeweza kulichukua mkaenda zenu. Lakini mmemuuliza mtu aliyesoma chuo kikuu na aliyestaafishwa na bodaboda, na mtu wa namna hiyo akipata wa kumsikiliza hamwachii mapema. Kuna mambo niliyaruka siku ile kwa sababu mlikuwa mnacheka vizuri na sikutaka kuwaharibia chai. Nayaandika hapa.

Nianze na nguzo ya kiti, maana ndiyo iliyonipa jina. Tela letu la kwanza, mimi na Gwamaka tulilitengeneza kwa mabomba ya maji yaliyochakaa na magurudumu ya baiskeli mbili zilizokwisha kazi. Gwamaka alikuwa fundi baiskeli, mikono yake ikijua kuchomelea na kunyoosha rimu. Mimi nilikuwa na mawazo. Wazo langu lilikuwa kwamba mpini wa tela ufungwe juu, chini ya kiti, ili kona ziwe nyepesi. Nikachora hata mchoro. Tukapakia ndizi Masukulu, tukapanda vizuri kabisa, tukafika kwenye mteremko. Hapo tela likakumbuka kwamba lina uzito kunizidi. Likasukuma kiti, kiti kikainua gurudumu la nyuma, nikawa nasafiri kwa gurudumu la mbele peke yake kama mtu wa sarakasi. Kisha tela likachomoka, likanipita ubavuni na kuendelea na safari. Mimi niliishia kwenye maharage ya watu.

Akina mama waliokuwa wakipalilia walinyamaza kwanza, kuhakikisha kwamba nimepona. Walipoona nimesimama, mmoja akaita, "Bwana Digrii, mzigo wako umeshafika huko chini. Wewe unakuja lini?"

Bwana Digrii nikawa mpaka leo.

Digrii yenyewe ilikuwa ya jiografia. Nilipomaliza chuo niliajiriwa na shirika moja lililokuwa na malori, nikapewa meza na kiti kinachozunguka, na kazi ya kupanga lori gani liende wapi. Zikaja zile enzi za ruksa. Kila kitu ruksa: mitumba ruksa, sabuni za Malawi ruksa, na kupunguza wafanyakazi nako ruksa. Shirika likauza malori, mimi nikabaki na ujuzi kamili wa mahali ambapo malori hayo yangekwenda kama yangekuwepo. Walioyanunua walikuwa watu wa akili. Waliyapeleka kwenye lami. Huko milimani, ambako zamani lori la shirika lilikwenda kila wiki, wakulima walikaa juu ya viazi vyao wakisubiri mngurumo, na mngurumo haukuja. Mimi na Gwamaka tukaingia kwenye nafasi hiyo, na baiskeli zetu za Kichina na matela.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi, maana haya hamtayapata kwenye simu zenu.

Mpini ukishafika kwenye ekseli, msiuunganishe chuma kwa chuma. Chuma kwa chuma kitagongana njia nzima na kukata palipochomelewa kabla hamjaona ng'ombe wa kwanza. Kateni kipande cha tairi la lori, kikunjeni mara mbili, kipitisheni bolti. Mpira huo utajipinda pande zote, na baiskeli ikianguka tela halitaanguka nayo. Pakieni mzigo mzito juu ya ekseli ya tela, usogee mbele kidogo sana. Ukikaa nyuma, tela litainua mkia wa baiskeli. Ukikaa mbele mno, litakalia gurudumu lenu na spoku zitaanza kukatika moja moja, kwa sauti ndogo kama mtu anayevunja vijiti vya kiberiti.

Kwenye mteremko msitegemee breki za mkono. Mkivaa njuga mkasali, bado hazitashika kwenye matope. Fungeni gogo kwa kamba nyuma ya tela, liburutike. Mkifika bondeni lifungueni, mliache kando ya njia kwa ajili ya mwenzenu anayepanda, alipakie, naye atalitumia akirudi. Sisi tulikuwa na magogo yetu njia nzima, tukiyajua kama watu wanavyozijua nyumba za ndugu. Tyubu zikiisha viraka, jazeni tairi kwa majani makavu, mshindilie mpaka mkono uchoke. Baiskeli itakwenda kama punda mwenye kinyongo, lakini itakwenda. Na kila kilichochomelewa kifungeni tena kwa mpira wa tyubu, kwa sababu kule juu hakuna umeme wala fundi, kuna ukungu tu na majani.

Hayo ndiyo maandalizi ambayo kila mtu huuliza. Mimi nami nilidhani ndiyo yote. Kisha tukaandaa ile safari ya baba yake Gwamaka.

Gwamaka alikuja kwangu asubuhi ya masika, akasimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Baba anaoza mguu," akasema. "Anataka kurudi Kyimo."

Mzee Ambakisye alikuwa amehamia upande wa Makete baada ya mkewe kufariki, akalima viazi na pareto kwenye baridi ile iliyomfaa kuliko maneno ya ndugu. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kidonda kilianza kwenye kidole, kikapanda. Mganga wa zahanati ya huko alimwambia mguu ukatwe, na mzee akajibu kwamba mguu utakatwa, sawa, lakini kwanza umfikishe nyumbani.

Alichokitaka kilikuwa kimoja, na tulikijua wote. Shamba la ukoo wao pale Kyimo lina kipande cha nyuma chenye miti mikubwa, kinachoteremka mtoni, na hapo alizikwa mtoto wake wa kwanza, akiwa mchanga. Mzee alitaka azikwe hapo, kando ya mtoto. Mdogo wake, Mzee Asegelile, aliyebaki akilitunza shamba, alikuwa ameanza kuonekana kwenye kipande hicho na mfanyabiashara wa mbao, wote wawili wakitazama juu kama watu wanaotafuta ndege. Kaburi la mtoto mchanga watu husahau. Kaburi la kaka mkubwa hakuna wa kuthubutu kuliuza. Kwa hiyo ilimpasa mzee afike akiwa hai na mwenye akili zake, amwonyeshe Asegelile mahali hapo mbele ya ndugu.

"Kwa nini asiandike barua?" nikauliza, kwa elimu yangu.

"Nimemwambia. Anasema Asegelile akisomewa huwa hasikii."

"Akuagize wewe, basi."

"Anasema hilo haagizi mtu. Anataka kuonyesha kwa mkono wake." Gwamaka akakwaruza matope kwenye kiatu. "Machela haiwezekani, Digrii. Umbali ule, mvua hii. Malori hayapandi kule tena. Tumlete kwa tela."

Tulikubaliana hapo hapo. Ugumu ulikuwa mwingine. Mzee alikuwa anachomwa sindano ya insulini kila asubuhi, na kidonda kilihitaji kusafishwa na mtu anayejua. Mtu huyo tulikuwa naye: mke wa Gwamaka, Mama Lusajo, muuguzi, mwanamke mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo, ambaye hata sufuria alilishika kama lina homa. Bila yeye mzee asingefika. Lakini Mama Lusajo alikuwa mkamwana wake.

Wengi wenu mmezaliwa mjini, niwaeleze. Kwetu mkamwana humwogopa baba mkwe wake. Kutila, ndivyo wazee walivyosema. Hamtazami, haongei naye, hapiti njia aliyosimama. Akimwona kwa mbali anaingia migombani mpaka mzee apite. Hali mbele yake, na mzee hali mbele ya mkamwana. Jina lake halitamki, wala neno linalofanana na jina hilo. Mama Lusajo, kwa kuwa baba mkwe wake aliitwa Ambakisye, hakuwahi kusema "ambaye" wala "ambacho" maisha yake yote ya ndoa. Kiswahili chake kilikuwa na kona nyingi kama barabara ya Makete. "Mtu yule aliyekuja jana, yule mwenye kofia," angesema, hapo wewe na mimi tungemaliza kwa neno moja. Makanisa yalikuwa yameshahubiri kwamba mambo hayo ni ya kale. Mzee Ambakisye alikuwa mzee wa kanisa. Alimsikiliza mchungaji kwa heshima zote na kuendelea na lake. Lusajo alikuwa ameshaanza shule, na babu yake hajawahi kuuona uso wa mama yake.

Hapo ndipo mimi nilipopata wazo.

Nilichora tela refu lenye kitanda cha mbao na matao ya mianzi juu yake. Katikati, usawa wa magoti ya mgonjwa, lishuke pazia la turubai. Mbele ya pazia alale mzee, kichwa chake kikielekea baiskeli ya mwanawe. Nyuma ya pazia itokeze miguu, na kwenye turubai pawe na mpasuko wa kupitisha mkono, wa kumchoma sindano ya paja. Mama Lusajo atembee nyuma akisukuma, aione miguu tu. Nilijivunia lile tela. Niliona nimemaliza ugomvi wa mila na sayansi kwa kipande cha turubai.

Tulipanda na matela mawili. Gwamaka alivuta la baba yake, likiwa tupu. Mimi nilivuta la chakula, viraka na chupa ya chai ambayo Mama Lusajo aliitumia kutunzia dawa. Tulipofika, mzee alitoka nyumbani kwake akibebwa, amevaa koti la kanisani na kofia. Mama Lusajo alikuwa amejificha nyuma ya zizi. Mzee akaligusa turubai kwa vidole viwili.

"Hili nani amelifikiria?"

"Ni mimi, tata," nikajibu, kama tunavyowaita baba zetu.

"Umesoma," akasema, akalala.

Nilichukua neno hilo kama sifa.

Safari ya kurudi ilianza kwa utaratibu mzuri mno. Mkamwana na mkwe hawawezi kusemezana, kwa hiyo maneno yalipita kwangu, niliyefuata nyuma yao karibu na tela langu. Turubai si ukuta. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini kila mmoja alisubiri nifikishe.

"Mwulize kama ganzi imepanda," angesema Mama Lusajo, mkono kwenye kifundo cha mguu.

"Tata, anauliza kama ganzi imepanda."

"Mwambie iko palepale."

"Anasema iko palepale."

"Mwambie asitikise."

Na mzee aliacha kutikisa kabla sijafungua mdomo. Gwamaka huko mbele alikuwa anacheka mpaka baiskeli inayumba. "Digrii, kumbe shirika lilikosea kukupunguza. Ungekuwa posta."

Kila asubuhi Mama Lusajo alichoma viazi, akachemsha maziwa, akampa Gwamaka apitishe upande wa mbele. Kisha alisimama kwenye miguu, sindano tayari, akauliza.

"Mwulize kama amekula."

"Mwambie nimekula."

"Anasema amekula."

Naye akapitisha mkono kwenye mpasuko na kuchoma. Vijana, dawa hiyo hushusha sukari. Ndiyo kazi yake. Ukiichoma kwa mtu aliyekula inamsaidia. Ukiichoma kwa mtu mwenye tumbo tupu, inaendelea kushusha, haijui pa kuishia. Mama Lusajo alilijua hilo kuliko sisi wote, ndiyo maana hakuwahi kuchoma bila kuuliza.

Tulikuwa kwenye uwanda wa juu, ukungu umefunga, njia yenyewe ni mstari wa matope kwenye majani, nikauliza kitu kuhusu blanketi. Mzee akasema, "Mwambie ng'ombe wamerudi."

Nilidhani ni utani. Nikacheka. "Anasema ng'ombe wamerudi."

Tela likasimama. Mama Lusajo alikuwa ameacha kusukuma.

"Amesemaje?"

"Kwamba ng'ombe wamerudi."

Akaingiza mkono kwenye mpasuko, akapapasa chini ya blanketi. Mkono ukatoka na kiazi cha kuchoma. Akaurudisha, ukatoka na kingine, cha jana yake, kimekauka kama jiwe. Akaendelea kuvitoa na kuviweka juu ya turubai, kimoja kimoja. Mzee alikuwa hajala kitu tangu tuondoke, zaidi ya kumeza yale maziwa, ambayo hayana sauti. Angekulaje, na mkamwana amesimama miguuni pake, akimsikia anavyotafuna? Na angesemaje kwamba hajala, wakati chakula amekipika mkamwana yule yule? Angekuwa amemtukana mapishi yake. Alikuwa mtu mwenye adabu. Alisema amekula, akavificha viazi, akanyoosha paja lake kwa sindano.

Mama Lusajo alishika turubai kwa mikono miwili na kulivuta. Kamba zangu nilizifunga vizuri. Ilimbidi aweke mguu kwenye gurudumu na kuvuta kwa uzito wake wote mpaka tao la mwanzi likavunjika.

Uso wa mzee ulikuwa umelowa jasho kwenye baridi ile. Macho yalikuwa nusu wazi, hayatazami kitu.

"Sukari!" Mama Lusajo akaniambia, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akipaza sauti. Nikampa mfuko wa sukari ya chai. Akampanda mzee kifuani kwa goti moja, akamshika taya. "Ambakisye! Ambakisye, fungua mdomo!"

Gwamaka aliiacha baiskeli ianguke, akageuka akatazama kule kusiko na kitu. Hakuweza kutazama mke wake akimwita baba yake kwa jina na kumtia kidole mdomoni. Alisimama hivyo, mgongo kwetu, mvua ikimtiririka shingoni, akisema, "Yu hai? Niambieni tu kama yu hai."

Mama Lusajo alimsugua mzee sukari chini ya ulimi, akangoja, akasugua tena. Ilichukua muda. Kisha macho ya mzee yakafunguka, yakazunguka, yakatua juu ya uso uliokuwa karibu na wake.

"Huyu ni nani?"

Aliniuliza mimi, mpeleka maneno. Mama Lusajo hakuningoja.

"Ni mimi, mama yake Lusajo," akasema mwenyewe. "Mkamwana wako. Kula."

Nilitegemea afunike uso. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma tangazo. Kisha akasema, "Ndiyo maana mtoto ana pua ile." Akafungua mdomo, akala kiazi kutoka mkononi mwake.

Nimeandaa safari nyingi baada ya hiyo, na mimi hukagua mpira, bolti, spoku na gogo kama kawaida. Lakini nanyi kabla hamjafunga mzigo, kaeni chini mjiulize nani kati yenu anaruhusiwa kumwuliza nani kama amekula, na yule anayeulizwa kama ana uhuru wa kujibu hapana. Mna adabu zenu nanyi, ingawa si zile za kina Mzee Ambakisye. Nimewaona mnavyoogopana.

Turubai tulilikunja, likawa mto. Siku ile iliyobaki Mama Lusajo alitembea ubavuni, mkono wake kwenye ukingo wa tela, na mzee akazungumza naye; Gwamaka alivuta bila kugeuka, akipiga mluzi asije akawasikia. Mimi nilikuwa mbele na tela langu, nilisikia sauti tu, si maneno: sauti nzito, kisha ile ndogo, kisha mara moja wote wawili wakicheka. Tulipopumzika jioni, jua halijazama, Mama Lusajo alimwita mumewe kando, nami nilikuwa karibu nikiziba pancha.

"Ameniambia pa kumzika. Nyuma, mtoni, mkono wa kulia wa mtoto. Amesema nikumbuke, hana hakika na mdomo wake."

Gwamaka akatikisa kichwa. "Atasema mwenyewe. Kesho kutwa tuko Kyimo."

"Amenichagua mimi, baba Lusajo. Kamsikilize na wewe."

"Amelala. Mwache alale."

Asubuhi tulipomwamsha, upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka. Mkono wa kulia ulilala kama kitu cha mtu mwingine. Kiharusi. Daktari mmoja alinieleza baadaye kwamba ubongo ulioshindishwa bila sukari unaweza kupata madhara, na pia kwamba mzee wa umri ule, mwenye ugonjwa ule, angeweza kupata kiharusi hata akiwa kitandani kwake. Alinipa majibu yote mawili nichague. Sijachagua.

Tulishuka kuelekea Isongole na gogo likiburutika nyuma, tukashika lami, tukateremka Kyimo. Mzee alikuwa na macho safi. Alitazama migomba ya kwao ilivyotokea, na mkono wa kushoto ukainuka kidogo. Hapo alikuwa amefika akiwa hai.

Mzee Asegelile alitupokea vizuri, na naomba mniamini ninaposema hivyo. Alimbeba kaka yake pamoja nasi, akamwosha mikono kwa maji ya moto, akalia bila kujificha. Ndugu walijaa sebuleni. Mama Lusajo alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama nje ya dirisha karibu na jiko, mahali pa mkamwana.

"Kaka," akasema Asegelile, akipiga magoti. "Umefika kwako. Sema, tukuweke wapi?"

Mdomo wa mzee ukasogea, ikatoka sauti kama ya maji yanayopita kwenye bomba. Macho yake yakamwacha mdogo wake, yakaenda kwenye dirisha.

"Nyuma, mtoni," ikasema ile sauti ndogo kutoka nje. "Mkono wa kulia wa mtoto."

Sebule yote ikageuka.

"Nani anasema?"

"Ni mama Lusajo," Gwamaka akajibu. "Baba alimwambia njiani."

"Alimwambia nani?"

"Mke wangu."

Asegelile akatikisa kichwa polepole, kwa huzuni, kama anayemrekebisha mtoto. "Mkamwana haongei na mkwe wake, mwanangu. Kama hawaongei, hakuambiwa. Au unataka kuniambia kaka yangu, mzee wa kanisa, alikaa njiani akipiga soga na mke wako?" Gwamaka akatazama chini. "Wewe ulimsikia?"

"Nilikuwa mbele. Navuta."

"Na wewe, msomi?"

"Sikusikia maneno," nikasema. "Nilisikia wanaongea. Tata Asegelile, waliongea siku nzima, tulilitoa pazia, alimlisha kwa mkono, alimwona uso..."

Nilikuwa namtetea. Nilimwona bibi mmoja akijishika mdomo, nikajua kila neno nililoongeza lilikuwa linamzamisha. Mwanamke aliyefanya hayo yote hakuwa shahidi tena. Alikuwa kesi.

"Basi," akasema Asegelile. "Tusimwaibishe mgonjwa." Akainua kichwa. "Mfunikeni kaka uso. Mkamwana yuko dirishani."

Shangazi mmoja akachukua khanga, akaitandaza juu ya uso wa mzee, taratibu, kwa heshima yote. Niliona kitambaa kikiingia na kutoka pale palipokuwa na mdomo. Kisha mkono wa kushoto ukainuka kutoka kwenye blanketi, ukatafuta ukingo wa khanga, ukaushika na kuanza kuuvuta.

Asegelile akauchukua mkono ule kwa mikono yake miwili, akaurudisha chini ya blanketi.

"Anaona haya," akasema.

Huko nje dirishani Mama Lusajo alirudia maneno yale yale, nyuma, mtoni, mkono wa kulia wa mtoto, na akayarudia tena, mpaka wanawake wa jikoni walipokuja kumwondoa. Mzee alifariki wiki ile. Tulimzika mbele ya nyumba, karibu na barabara, na kiangazi, njia ilipokauka, lori la mbao lilipita kando ya kaburi lake kwenda nyuma, na kurudi.